Kilima cha Gliserini

Sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa mahali pamoja. Alianza kukinywa mlangoni pa maabara, akasogea dirishani, akaenda hadi kwenye sinki, na chai ilipoisha ungekuta kikombe kimeachwa juu ya tangi la maji nje, au kwenye dirisha la Kidato cha Pili, au popote pale wazo lilipomkuta. Mimi nilikuwa mtunza maabara katika ile shule ya wasichana kule juu Meru. Niliosha vyombo, nikachanganya asidi, nikahesabu tyubu baada ya kila somo. Kutafuta vikombe vya mwalimu wa kemia hakukuandikwa katika barua yangu ya kuajiriwa, lakini nilifanya hivyo kwa miaka sita.

Alikuja kwetu mwanzoni mwa miaka ya tisini akitoka ng'ambo, ana sanduku moja la nguo na mrija mrefu wa kadibodi aliokataa mtu mwingine aubebe. Shuleni tulimwita Mwalimu. Huko nje, sokoni na kanisani, watu walimwita Daktari, na jina hilo lilikuja kumletea mashaka ambayo nitayaeleza.

Katika mikutano ya walimu alisimama karibu na mlango. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyependa kugombana, alimwambia mara nyingi, "Mwalimu, keti basi, unatuchosha sisi."

"Nasikia vizuri nikiwa nimesimama," alijibu, na baada ya dakika kumi alikuwa ameshatoka.

Nyumba yake ndogo ya shule aliipanga upya karibu kila mwezi. Leo kitanda kiko chini ya dirisha, wiki ijayo kiko nyuma ya mlango, na meza imehamia jikoni. Jumamosi moja alitembea kwa miguu hadi mjini kununua stempu, akarudi na magazeti mawili, parachichi na uzi wa kushonea, bila stempu. Nilicheka. Yeye hakucheka. Aligeuka mlangoni, akarudi mjini.

Lakini huyo huyo aliyeshindwa kukaa na kikombe alikuwa na subira ya ajabu kwa kitu kimoja tu, nacho ni usafi wa kioo. Wasichana walipomaliza kuosha tyubu, alizishika moja moja akaziinua kwenye mwanga. Akiona tone limeng'ang'ania ukutani mwa tyubu badala ya kuteleza, aliirudisha. "Hii bado ina mtu ndani," alisema. Nilizoea kuosha tyubu mara tatu. Alipofika yeye, zikawa sita. Na nyumbani kwake, jamani, masufuria yalikaa na ukoko wa uji mpaka Jumapili.

Ndani ya ule mrija kulikuwa na chati, karatasi ndefu zenye mstari mmoja unaokwenda sawa, kisha unapanda ghafla kuwa kilima chembamba, unashuka, unapanda tena. Baadhi ya vilima vilikuwa virefu kama kidole cha kati, vingine vilikuwa vinundu tu. Alizibandika ukutani mwa maabara, na wasichana wakadhani ni ramani ya milima yetu.

"Ni seli za uvimbe wa ubongo," aliwaambia. "Hivi ndivyo zinavyosema zikiulizwa vizuri."

Alieleza kazi yake kwa maneno mepesi hata mimi nikaielewa. Ng'ambo, madaktari walipompasua mgonjwa kichwa na kutoa uvimbe, kipande kililetwa kwenye maabara yao. Yeye alizikuza seli zake katika chupa bapa. Zikishajaa, aliziua ghafla kwa asidi baridi sana, ili kila kemikali ibaki jinsi ilivyokuwa wakati seli ingali hai. Alitoa utomvu wake, akauchuja, akaukausha, akauyeyusha tena, akautia katika tyubu nyembamba ya kioo na kuiteremsha ndani ya sumaku iliyo kubwa kuliko tangi letu la maji. Mashine iliupigia utomvu ule mawimbi ya redio, na kila kemikali iliyomo ikajibu kwa sauti yake. Majibu hayo ndiyo vilima.

Siku moja alichora mstari wa chaki kwenye varanda na kuwapanga wasichana juu yake, kila mmoja kemikali yake. Huyu kreatini, simama hapa. Wewe kolini, kando yake, na kwa sababu hizi ni seli za uvimbe, ruka juu zaidi. Wawili wakawa asidi ya laktiki, kwa kuwa kilima chake kimegawanyika mara mbili. Msichana mmoja mrefu alipewa kemikali ya jina refu sana, ambayo Mwalimu aliifupisha kwa herufi tatu, akaambiwa achuchumae kabisa.

"Mbona mimi nichuchumae, Mwalimu?"

"Kwa sababu wewe unakaa kwenye seli za fahamu zilizo nzima. Katika uvimbe huu hupo. Daktari akiona hupo, anajua pameharibika."

Mwingine akauliza mbona namba za chini ya chati zinahesabiwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mwalimu alifikiri kidogo. "Waliotutangulia walizoea hivyo," alisema. "Kuna mambo hata mimi sijui, nimezoea tu."

Na je, akikuta kilima asichokijua? Alikuwa na njia. Unachukua kemikali safi unayoishuku, unadondosha kidogo ndani ya tyubu, unapima tena. Kama kilima kile kile kimepanda, umempata mwenyewe. Kama kimezuka kingine pembeni, umekosea. Aliipenda njia hiyo, na kila msichana aliyepita mikononi mwake aliijua. Lakini aliongeza swali ambalo hawakulielewa: "Jina umelipata. Sasa niambie kimetoka wapi." Wakadhani ni ukali tu. Mimi ndiye niliyeambiwa swali hilo lilivyozaliwa.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua imeshika, tunaosha vyombo sisi wawili. Aliniuliza kama nimewahi kufanya jambo la haki nikalijutia. Nikamwambia sikumbuki. Akaniambia yake huku akizunguka meza, na kitambaa mkononi.

Mwaka wa tatu kule ng'ambo aliona kilima katika seli za uvimbe wa aina moja. Katika seli nyingine hakikuwepo. Alidondosha kemikali aliyoishuku, kilima kikapanda.

"Ilikuwa nini?" nikauliza.

"Gliserini."

"Ile ya kujipaka?"

"Ile ile, Mama Mwenda. Seli zinaweza kuitengeneza, mafuta yake yakivunjika. Kwa hivyo profesa akafurahi. Akasema tumepata alama ya uvimbe huu. Tukaandika. Mwenzangu mmoja akaanza kujenga kazi yake yote ya shahada juu ya kilima kile. Mimi nikakosa raha."

"Kwa nini, na mmefaulu?"

"Sijui. Nilikuwa natembea tu. Basi siku moja nikafanya kazi yote tangu mwanzo bila seli. Chupa haina kitu, asidi ile ile, kichujio kile kile, sumaku ile ile. Nikapima maji matupu."

Alisimama. Nilikuwa nimeshajua.

"Kilima kilikuwepo?"

"Kimesimama pale. Vichujio vipya vilipakwa gliserini kiwandani visikauke. Zile seli nyingine tulizichuja zamani, kwa vichujio vya aina nyingine. Jina tulikuwa nalo sawa kabisa. Haikutoka kwenye kichwa cha mtu, ilitoka kwenye kichujio."

Alikwenda kwa profesa asubuhi hiyo hiyo. Makala ikaondolewa kabla ya kuchapwa. Profesa alimshukuru kwa adabu, akaacha kumwita katika mikutano. Yule mwenzake hakumsemesha tena, hata wakikutana mlangoni. Kazi ya miaka mitatu ilibidi ianzwe upya, na muda wake wa kukaa nchi ile ulikuwa umebaki miezi. Akafunga sanduku.

"Kwa hivyo ile shahada yako ya udaktari?" nilimuuliza.

"Hakuna," alisema. "Nilirudi na zile chati."

Hapo ndipo nilipoona jinsi jina la Daktari lilivyomfunga. Jumapili ya kwanza alipofika kanisani kwetu, mzee wa kanisa alimsimamisha mbele, akasema tumeletewa daktari wa ubongo kutoka ng'ambo. Watu wakapiga makofi, akina mama wakampigia vigelegele. Yeye akatabasamu, akaketi. Wiki moja ikapita, kisha mwezi, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Kule ng'ambo alikwenda kusema ukweli kabla ya chai ya asubuhi, ukweli ambao hakuna mtu angeugundua. Hapa kwetu alinyamaza mwaka baada ya mwaka. Akiitwa Daktari njiani, aliongeza mwendo. Nilianza kuona kwamba mwendo wake mwingine ulikuwa wa kulikimbia jina hilo.

Nami sikumwambia mtu. Nilidhani ni siri ndogo isiyomdhuru yeyote, mpaka kichwa cha dada yangu kilipoanza kuuma.

Dada yangu Karimi alilima waru huko Kibirichia, viazi vyetu vya nyumbani, pamoja na mama. Ni mtu wa kazi, hasemi anaumwa. Mwaka huo alianza kutapika asubuhi kabla hajala kitu. Mkono wa kushoto ukawa unaachilia vitu. Mara mbili aliangusha kopo la maziwa akabaki analitazama kana kwamba ni la mtu mwingine. Zahanati walimpa dawa za malaria, kisha za vidonda vya tumbo. Mwezi wa Agosti, katika manyunyu na baridi, mama alimshika mkono, akamleta moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mwalimu. Mimi nilijua walipokuwa wameshabisha hodi.

"Daktari, nimekuletea mtoto," mama alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii kichwa inamsumbua tangu tupande waru. Wewe ndiye unajua mambo ya kichwa. Mpatie dawa."

Mwalimu alimwambia Karimi amshike vidole, kila mkono vidole viwili, abane kwa nguvu zake zote. Karimi akabana. Mwalimu akatazama ule mkono wa kushoto, akasema, "Tena." Kisha akaviachilia vidole vyake polepole na kutoka nje. Nilimfuata, nikamkuta nyuma ya jiko kwenye sukuma wiki, ananyeshewa.

"Mama Mwenda, mama yako anafikiri mimi ni nani?"

"Unajua anavyofikiri."

"Na wewe hukumwambia."

"Hilo lilikuwa lako kusema, Mwalimu."

Nilisema kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa ya woga. Alinitazama kidogo, akaingia ndani. Alisimama mbele ya mama yangu, mikono imelowa.

"Mama, mimi si daktari. Si wa hospitali, wala si wa chuo. Nilikwenda kusomea nikarudi kabla sijamaliza. Watu waliniita hivyo nikanyamaza. Nimekosa."

Karimi alikuwa amefumba macho.

"Kwa hivyo hii kichwa huijui," mama alisema.

"Naijua kwa karatasi. Nimeona vitu kama hivi vikiwa ndani ya chupa. Sijawahi kumshika mtu mwenye navyo."

"Sasa umeshika," mama alisema. "Tuende wapi?"

Kesho yake tulikwenda Embu, kwa daktari aliyesoma na Mwalimu kidato cha tano. Yule alimwangalia Karimi ndani ya macho kwa taa, akaandika barua ya kumpeleka hospitali ya Nairobi bila kukaa chini. Huko akapigwa picha ya kichwa. Siku zile za kungoja, Mwalimu alitembea kwenye korido mpaka wauguzi wakamjua. Alirudi shuleni kufundisha, akaja tena, akarudi, akaja. Nilimuuliza kama ile sumaku yake ingeweza kutuambia ni uvimbe wa aina gani bila kupasua.

"Huko nje wameanza kuwapima watu wakiwa hai, bila kutoa kipande," alisema. "Hapa sijui pa kumpeleka. Na hata ningejua, vilima vinakwambia ni nini, havikitoi."

Picha ilionyesha uvimbe wa duara chini ya fuvu, kwenye utando unaoufunika ubongo. Haukuwa umeingia ndani ya ubongo, uliukandamiza tu. Daktari wa upasuaji, kijana wa maneno machache, alisema huo ni wa kutoleka. Mwalimu alimuuliza maswali hadi daktari akatazama saa. Mwisho Mwalimu akanong'ona, kama anajisemea, kwamba huo utakuwa na kilima kirefu cha alanini. Daktari akamuuliza yeye ni nani. Nilimwona akivuta pumzi.

"Ni mwalimu wa sekondari," alisema. "Nafanya kazi na dada yake."

Karimi alipasuliwa siku ya Jumatano. Alikaa siku mbili bila kusema, tukadhani tumempoteza. Siku ya tatu akauliza nani anapalilia shamba. Mama alilia hapo tu, hakulia kabla. Mkono wa kushoto ulirudi karibu wote, ila vidole viwili vya mwisho vilibaki vizito.

Tuliporudi nyumbani, Mwalimu alimweleza mwalimu mkuu mambo yote. Mwalimu mkuu alifungua faili lake, akamwonyesha kwamba aliajiriwa kwa shahada ya kwanza na hakuna uongo ulioandikwa humo. Hilo halikumtuliza. Jumapili alisimama kanisani, baada ya matangazo ya harambee na kabla ya sala ya kufunga, akasema kwamba yeye si daktari, hakumaliza masomo, na anaomba asiitwe tena hivyo. Mzee wa kanisa aliinuka, akakohoa.

"Mmemsikia Daktari," alisema. "Hataki kuitwa Daktari. Tumheshimu."

Kuna waliocheka, na Mwalimu mwenyewe akacheka, akiwa amefunika uso kwa leso. Wapo waliomsema vibaya pia. Mama mmoja aliyewahi kumletea mtoto wa kifafa hakumsalimia tena, na Mwalimu aliniambia kwamba huyo ndiye pekee anayemwelewa.

Baada ya hapo hakukaa sana. Alihamia Embu, akapanga nyumba katika mtaa wa Dallas na kufundisha shule ya kutwa. Alinitumia barua ya nusu ukurasa inayokatika katikati ya sentensi. Nilipopanga kumtembelea, nikasikia yuko Mitunguu, anawapimia wakulima wa ndizi chumvi iliyo katika maji ya mifereji. Kisha nikasikia amerudi Embu. Watu walisema ameshindwa na maisha. Mimi nilimjua.

Muongo ule ulikuwa unakwisha nilipomwona tena. Nilikuwa Kibirichia kwa mama, tunavuna. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu umeondoka, na magunia yamepangwa kando ya njia. Alikuja akipanda ile njia kwa mwendo wake wa haraka, viatu vimejaa udongo, nywele zimeingia mvi mbele. Alisalimia mama kwa mikono miwili. Akaniambia bila kupumzika kwamba amepata nafasi chuo kikuu Nairobi, anaanza upya, shahada ya pili kwanza, pamoja na watoto aliowafundisha mwenyewe. Anaondoka Jumatatu.

"Na umri huu?" mama akauliza.

"Na umri huu, mama."

Lakini hakuwa amekuja kwa ajili yetu. Alimtafuta Karimi kwa macho, akamwona kwenye mtaro wa chini akichagua waru za mbegu, akateremka. Nilimfuata. Alisimama mbele yake akiwa hana la kufanya na mikono yake.

"Karimi, nina ombi. Ukikataa sitakasirika. Nataka kuona pale walipokupasua."

Karimi alimtazama, akafuta mikono kwenye sketi, akafungua kitambaa cha kichwa. Nywele zilikuwa zimeota, ila mstari ulionekana, umejipinda kutoka juu ya sikio la kulia hadi karibu na paji. Akainamisha kichwa. Mwalimu aliupitisha mstari ule kwa ncha ya kidole, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Hapa pana shimo," alisema.

"Mfupa haukushika vizuri."

"Panauma?"

"Baridi ikija. Jua likiwaka sana pia, lakini baridi ndiyo mbaya. Panaanza kuuma kabla mvua haijafika. Mama ananiuliza mimi kama kutanyesha." Karimi aliinua uso. "Zile chupa zako za ng'ambo, zilikuwa za watu kama mimi?"

"Ndiyo."

"Walipona?"

"Sijui. Zilikuja na nambari."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Karimi alifunga kitambaa chake. Nilidhani atamlaumu, kwa kuwa Karimi hana maneno ya kupamba. Alivuta gunia tupu, akalitandaza juu ya udongo, akaketi upande mmoja na kumwachia upande wa pili.

"Mimi niulize," alisema.

Mwalimu aliketi. Akatafuta ndani ya mkoba, akakosa daftari, akatoa barua aliyopewa na chuo na kuigeuza nyuma palipo peupe. Aliijaribu kalamu pembeni mpaka ikatoa wino.

"Hayo maumivu," alisema, "yanaanzia mbele au nyuma?"

Karimi akaweka kidole juu ya kitambaa, akaanza kumweleza.